Kaseti 300 za darsa na maulidi, Lamu: tuanzie wapi?

Katibu_Langoni: Assalam alaykum. Maktaba ya madrasa yetu ina kaseti zipatazo 300 za dakika 90, nyingi za miaka ya 80. Nyengine zina ukungu, nyengine sauti imefifia kana kwamba msemaji kazibwa mdomo. Tuna kompyuta na redio kaseti. Tuanzie wapi?

FundiDeki: Waalaykum salaam, katibu. Redio iwekeni kando, tafuteni deki (mashine ya kuchezea kaseti) yenye tundu za kutolea sauti, pamoja na kadi ya sauti ya nje, yaani kifaa cha kuingizia sauti hiyo kwenye kompyuta. Kwanza vunjeni vile vijiplastiki viwili vya mgongoni mwa kaseti, asije mtu akabonyeza kitufe cha kurekodi.

Sauti kufifia mara nyingi si utepe kuchakaa. Kichwa cha deki, yaani kile kinachousoma utepe, hakilingani na pembe ya kile kilichorekodi. Ubavuni mwa kichwa pana skrubu yenye springi: izungushe kidogo mno, kwa bisibisi isiyo na sumaku, ukisikiliza kwa mono (njia mbili za sauti zikiunganishwa kuwa moja) mpaka "s" na "sh" zisikike wazi. Rudia kwa kila kaseti, kila upande. Usitegemee programu ya kusafisha sauti. Ambacho kichwa hakikusoma, kompyuta haitakirudisha. Kichwa kisafishwe kwa spiriti ya isopropili, roli ya mpira inayovuta utepe kwa maji na sabuni kidogo.

Mtunza_Nyaraka: Zenye ukungu msizicheze kabisa! Vumbi lake litahamia kwenye deki na kwenye kaseti zilizo nzima. Zitengeni kwenye kasha lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli (punje za kunyonya unyevu) hadi ukungu ukauke, kisha mzipige brashi mkiwa nje ya jengo, kwa barakoa. Ifanyeni wakati wa kaskazi, si masika. Ganda la plastiki la kaseti likigoma, hamishieni utepe kwenye ganda la skrubu tano. Angalieni pia kile kisponji kinachousukuma utepe kichwani. Kikibanduka, sauti hukatika.

Rekodini WAV (faili ya sauti isiyobanwa), kilohezi 96, biti 24, bila kuhariri. Dakika 90 za stirio ni kama GB 3, kwa hiyo zote zinakaribia TB 1. Nunueni diski mbili za TB 2, na nakala ya tatu ikae nje ya kisiwa. MP3 ni ya wasikilizaji tu.

Katibu_Langoni: Shukran. Zipi zitangulie?

Mtunza_Nyaraka: Kuzicheza tu ni saa 450, basi anzeni na zisizo na nakala popote na zisizoandikwa jina. Wasikilizisheni wazee ambao wangali hai, muandike nani anasoma, msikiti gani, mwaka gani. Kaseti zenyewe msizitupe: zisimame wima, mbali na spika.