Filamu za mazombi: kutisha tu, au kuna ujumbe?

Mlinzi wa Zamu: Wakuu, jana nimerudia ile ya George Romero ya 1968, Night of the Living Dead, sauti chini maana watoto wamelala. Ben anapambana usiku kucha, asubuhi waokoaji wanamlenga risasi wakidhani naye ni zombi. Ben ni mweusi. Chai ilipoa mkononi. Ilikusudiwa, au naona yangu?

Kobe Mzee: Romero alisema Duane Jones, aliyemwigiza Ben, alipewa nafasi kwa kuwa aliwashinda wenzake kwenye majaribio, si kwa rangi. Ila filamu ilitoka Oktoba, Martin Luther King, mtetezi wa haki za weusi Marekani, kauawa Aprili mwaka huohuo. Watu wangeionaje vingine?

Dada Pilipili: Mimi ile ya Romero ya 1978, Dawn of the Dead. Mazombi wanarandaranda kwenye jengo la maduka la Monroeville, Marekani, hawajui wanatafuta nini. Kariakoo mwezi wa Desemba, hahaha!

Mjukuu wa Bibi: Mmeisahau Haiti. Zombi wa kule hali watu. Anafanyishwa kazi shambani bila ujira. Hofu ya mtumwa hiyo, kwamba hata kufa si kupumzika. Msukule wetu kabisa! Bibi hakumwogopa msukule, alimwogopa anayemmiliki.

Mlinzi wa Zamu: Bibi kanimaliza. Leo naanza ya 1978, mama watoto akiachia rimoti.