Mgeni wa kutwa Ziwa Bled: alipie majitaka na taka zake, au ziwa ni la wote?

MTOA HOJA

Ndugu zangu, naisema hoja yangu wazi tangu mwanzo: mtu anayefika Ziwa Bled asubuhi na kuondoka jioni bila kulala atozwe ada ya majitaka na taka, na fedha hiyo isiguswe kwa kazi nyingine yoyote. Najua wengi mtapinga. Karibuni.

Kwa asiyeijua Bled: ni mji wa watu kama 5,000 kaskazini-magharibi mwa Slovenia, chini ya milima ya Alpi. Ziwa lenyewe ni dogo. Urefu wake ni kilomita mbili na kidogo, upana haufiki kilomita moja na nusu, na penye kina zaidi ni mita 30 hivi. Katikati pana kisiwa chenye kanisa, unapanda ngazi 99 kulifikia, na juu ya jabali la pembeni pana ngome iliyotajwa katika maandishi tangu mwaka 1011. Boti za injini haziruhusiwi, wageni huvushwa kwa mashua za makasia ziitwazo pletna. Utalii pale haukuanza jana: mwaka 1855 Mswisi Arnold Rikli alifungua kituo chake cha kutibu watu kwa jua, hewa na maji. Siku hizi wengi huja kwa basi au gari kutoka mji mkuu, Ljubljana, mwendo wa saa moja hivi, huzunguka ziwa kwa miguu, hula kipande cha keki ya krimu, hupiga picha, kisha huondoka.

Sasa tazameni nani analipa. Sheria ya utalii ya 2018 iliruhusu halmashauri kutoza hadi euro 2.50 kwa kila mtu kwa kila usiku, na juu yake ikaongezwa asilimia 25 ya kutangaza utalii wa nchi. Bled ikapandisha hadi kikomo: jumla euro 3.13. Anayelala analipa. Anayeshinda halipi chochote zaidi ya maegesho na mashua, ingawa choo wanatumia wote. Na katika hizo euro 3.13, senti 63 zinakwenda kuwaita wageni wengine zaidi.

Kinachoniumiza mimi ni kwamba kila mjadala wa usafi wa maziwa haya huishia kwenye mapipa na mabango. Ziwa Bled liliwahi kuugua kweli. Katikati ya karne ya 20 majitaka ya mji na mbolea ya mashamba vililijaza fosforasi, rutuba inayolisha mwani, mwani ukatanda, mwingine wa rangi nyekundu. Mwani ukifa huzama, na kuoza kwake humaliza oksijeni ya chini. Oksijeni ikiisha, tope la sakafuni nalo huachia fosforasi iliyokuwa imelala humo, na mwani hupata chakula kipya. Yaani ziwa hufika mahali likaulisha ugonjwa wake lenyewe, hata kama uchafu kutoka nje umepungua.

Dawa ilikuwa mabomba. Mwaka 1964 maji ya mto Radovna yaliingizwa ziwani ili maji ya ziwa yabadilike upesi. Yalisaidia, hayakutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likawekwa bomba linalofyonza maji mabovu ya kilindini na kuyatoa nje, yakafuata mkondo hadi mto Sava Bohinjka. Halihitaji pampu, kule yanakomwagikia nje ni chini kuliko uso wa ziwa, basi maji yanajivuta yenyewe. Mifereji ya majitaka ikatengenezwa pia. Kule Annecy, Ufaransa, habari ni hiyo hiyo: daktari Paul Servettaz alianza kupiga kelele miaka ya 1940, na mwaka 1957 halmashauri za kando ya ziwa ziliunda chombo cha pamoja, zikalizungushia ziwa lao bomba la kupeleka majitaka yote mbali. Maji yale yanayosifiwa kwenye picha yalinunuliwa kwa fedha iliyofukiwa chini ya ardhi, na mabomba hayo yanazeeka.

Chupa ya plastiki inayoelea inachukiza, lakini ziwa halifi kwa chupa. Linakufa kwa vyoo, majiko, sabuni, waogeleaji kwa maelfu katika maji machache, na chambo cha nafaka ambacho wavuvi wa burudani humwaga kwa mafungu kuvutia samaki wakubwa.

Taka ngumu nazo zina jambo lake. Bled imejiunga na mtandao wa halmashauri za Ulaya zinazolenga kutozalisha taka, na jirani hapo Hotel Ribno imepata cheti cha namna hiyo. Hoteli inaweza, kwa sababu mgeni yumo nyumbani mwake: siagi na jamu haziwekwi katika vipakiti, maji yanaletwa kwenye jagi, makombo yana ndoo yake. Mgeni wa kutwa anakula akitembea. Boksi lake likishapakwa krimu si karatasi safi tena, na likitupwa kwenye pipa la karatasi linaharibu na zile nzuri. Ukitaka hiyo itenganishwe vizuri, lazima uajiri mikono ya kuitenganisha. Mikono hiyo ailipe nani?

Sitaki geti la kuzunguka ziwa. Nataka ada iingie kwenye maegesho na kwenye mabasi ya watalii. Hallstatt ya Austria, kijiji cha watu kama 750 ambacho siku za msimu hupokea hadi 10,000, tangu 2020 basi la watalii haliingii bila nafasi iliyowekwa mapema. Basi linahesabika. Mtu mmoja mmoja barabarani hahesabiki bila kumsumbua.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mtoa hoja, napinga, tena kwa nguvu.

Umeitaja Slovenia ukaruka jambo kubwa kuliko yote. Mwaka 2016 nchi ile iliingiza haki ya maji ya kunywa katika katiba. Julai 2021 serikali ilipotaka kurekebisha sheria ya maji kwa namna ambayo watu waliona ingefungua kingo za maji kwa majengo, ilipigwa kura ya maoni na zaidi ya asilimia 86 ya waliopiga wakakataa. Wale hawakutoka barabarani kwa ajili ya mabomba. Walitoka kwa sababu wanajua mambo yanavyokwenda: leo ada ndogo, kesho utepe wa kuzuia watu, keshokutwa ufuo ni wa wenye vyumba.

Na nani ataumia? Siyo mtalii aliyepanda ndege. Ni familia ya miji ya jirani, Kranj au Jesenice, inayokuja Jumapili na mikate yake ndani ya mfuko, watoto wakaogelee. Hao wamelipa kodi za nchi, na huenda wazazi wao ndio waliochimba hiyo mitaro.

Halafu hoteli umezisifia mno. Mgeni wa kulala anafuliwa mashuka na mataulo, anaoga mara mbili, anaandaliwa kifungua kinywa anachobakiza nusu. Ukimpima kichwa kwa kichwa, yeye ndiye mwenye majitaka mengi. Ada yako inamshushia mwenye hoteli mzigo na kumtwika mpita njia.

MCHANGIAJI WA PILI

Mbona Kilimanjaro mgeni wa nje analipa ada ya uhifadhi ya dola 70 kwa siku, na wapagazi wakishuka taka zinapimwa getini, na hakuna anayesema mlima umefungwa? Waswahili tunajua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa Bled halali hata usiku mmoja, basi jembe lake liwe euro chache.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi nafanya usafi wa vyumba na nyumba za kupangisha kwenye mji mmoja wa ziwa Austria, upande wa Salzburg. Wageni wetu wa kiangazi wengi hutoka Ghuba, familia kubwa, wanakaa wiki nzima, wanapika wenyewe. Si watu wachafu, naomba hilo lieleweke, maana maneno mabaya juu yao ni mengi na mengine nayasikia mbele yangu. Ila hakuna aliyewaeleza. Mafuta ya kukaangia yanamwagwa kwenye sinki, yakifika kwenye bomba baridi yanaganda, na tunaoitwa kuzibua ni sisi. Nilipoanza kuwaeleza kwa Kiarabu changu cha kubabaisha na kuwaachia ndoo yenye kifuniko, mafuta yalianza kuingia ndooni. Nyumba ambazo sizisafishi mimi bado zinaziba.

Kwa hiyo kwangu swali la nani analipa linakuja la pili. La kwanza ni nani analipwa. Hiyo ada ikija, iongeze watu kwenye kazi. Msimu ukifika, wageni wanaongezeka mara kadhaa, sisi tunabaki wale wale.

MTOA HOJA

Mchangiaji wa kwanza, hapo kwenye hoteli umenishika, na nakubali hilo liingie: hoteli na nyumba za kupangisha zilipe kwa mita ya maji na kwa uzito wa mapipa, si kwa idadi ya vitanda. Ada ya mgeni wa kutwa isiwe punguzo la mwenye hoteli.

Lakini kura ya 2021 siisomi kama wewe. Wale watu walikataa majengo kandoni mwa maji. Kukataa saruji ufukoni ni kutaka maji yabaki safi, na usafi huo una gharama. Familia yako ya Jumapili naiwekea njia: anayekuja kwa treni hadi Lesce au kituo cha Bled Jezero, kwa baiskeli au kwa miguu, halipi hata senti. Wakazi wa jirani nao wasamehewe; Venice walipoanza kutoza wageni wa kutwa euro 5 kwa siku 29 za mwaka 2024, wakazi wa mkoa wa Veneto walisamehewa. Jina la mtu silihitaji, wala simu yake kuonyesha msimbo wa kuthibitisha malipo njiani. Nahitaji gari na basi tu.

Ndugu wa Kilimanjaro, mfano wako naupenda kwa sababu moja: taka zinapimwa. Ila kule mwananchi analipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje, na nchi ya Umoja wa Ulaya haiwezi kumtoza Mjerumani bei tofauti na ya Mslovenia kwa sababu ya pasipoti yake. Makazi yanaweza kutofautisha, uraia hapana.

Na wewe wa Austria, asante sana. Nabadilisha hoja yangu kwa ajili yako: sehemu ya kwanza ya fedha iende kwenye mishahara ya msimu ya wazoa taka na wasafishaji, wakiwamo wa kutoa maelezo kwa lugha za wageni. Ya pili, mabomba. Hesabu ibandikwe hadharani kila mwaka, na ikionekana hata euro moja imekwenda kwenye matangazo, ada isimame mwaka unaofuata.

Lililobaki, ambalo hamjaligusa, ni chambo. Mvuvi wa burudani analipia kibali chake, kisha anamwaga fosforasi ziwani kwa mkono wake, palepale ambapo bomba linahangaika kuitoa. Mimi nasema kipigwe marufuku Bled yote, hata kama vibali vitapungua. Nani anapinga hilo, na kwa hoja gani?