Tumwondoe au tuliondoe

Kikundi: Wajukuu wa Bibi Mwanakombo
Ijumaa usiku

Zuhura (Leipzig): Shikamooni wakubwa. Wadogo mambo. Nina kazi ya darasa la Kijerumani, Jumatatu nisimame nieleze kitabu tulichopewa. Nimekimaliza usiku wa manane na usingizi sikuupata. Nataka niwasimulie kwanza nyie.

Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Kitabu cha dini?

Zuhura: Hapana mama mkubwa, hadithi. Ya Franz Kafka, ilitoka 1915. Die Verwandlung. Kwa Kiswahili ningesema Kugeuka.

Kassim: Kumbe Wajerumani wana hadithi? Mi nilijua magari tu

Hamisi: Kassim, hiyo "shule" uliyoikimbia ni neno lao. Na "hela" unayoniomba kila mwisho wa mwezi ni lao pia. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, alipoandika habari za maisha yake aliandika kwa Kijerumani, kikatoka Berlin 1886. Nyamaza usikilize.

Kassim: Shikamoo baba 🙏

Hamisi: Na huyo Kafka ni Myahudi wa Prague aliyeandika kwa Kijerumani, alikuwa karani wa bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Haya Zuhura.

Zuhura: Kuna kijana anaitwa Gregor Samsa. Muuza vitambaa, kutwa yuko njiani na sampuli zake. Asubuhi moja anaamka kitandani amegeuka mdudu. Mgongo mgumu kama gamba, tumbo la kahawia, miguu mingi myembamba inachezacheza, haimsikii.

Mwanaidi: Audhubillahi. Nani kamfanyia?

Zuhura: Kitabu hakisemi mpaka kinaisha.

Mwanaidi: Mtu hageuki mdudu hivi hivi. Pana mkono wa mtu hapo. Wamwangalie jirani.

Kassim: 😂😂 shangazi keshapata mshitakiwa

Zuhura: Sasa sikieni. Kageuka mdudu, na anachowaza ni treni. Kengele aliitegesha saa kumi alfajiri, treni ya saa kumi na moja. Anaangalia saa, ni kumi na mbili na nusu. Anaanza kupiga hesabu kama ataiwahi ya saa moja, na bosi atasema nini. Miaka mitano kazini hajaugua hata siku moja.

Salum (Muscat): Huyo namjua

Kassim: Unamjua wapi kaka

Salum: Namjua tu. Endelea dada

Zuhura: Nyumba nzima inamtegemea yeye. Biashara ya baba ilianguka, na anayewadai ni huyo huyo bosi wa Gregor. Deni limebaki kama miaka mitano au sita hivi. Mama ana pumu. Dada yake, Grete, ana miaka 17, anapiga fidla. Gregor alikuwa na siri yake, ampeleke chuo cha muziki, angewatangazia usiku wa Krismasi.

Mwanaidi: Maskini. Hawakuita hata daktari?

Zuhura: Mama alituma aitwe daktari. Baba akatuma aitwe fundi kitasa, maana mlango ulifungwa kwa ndani.

Kassim: Mtoto anaumwa mzee anaita fundi kitasa 😭

Zuhura: Akafungua mwenyewe, ufunguo kaung'ata mdomoni. Walipomwona, daktari na fundi wakarudishwa kwa visingizio. Hakuna daktari aliyemtia machoni tena.

Mwanaidi: Wanaogopa watu watasema nini. Yapo hata huku.

Halima: Samahani nawakatiza. Mchango wa bati la nyumba ya bibi:
Hamisi 100,000 ✅
Mwanaidi 50,000 ✅
Kassim 20,000 (kaahidi)
Zuhura (bado)
Salum (bado)
Fundi anataka cha kuanzia Jumatano.

Kassim: Halima ungefaa kitabuni

Zuhura: Yumo wa namna hiyo! Haijafika saa moja na robo, karani mkuu wa kampuni keshagonga mlango kuuliza kulikoni.

Halima: Mimi nafanya kazi mliyonipa wenyewe.

Hamisi: Zuhura, ni mdudu gani hasa?

Zuhura: Neno lenyewe ni Ungeziefer, mjomba. Si jina la mdudu mmoja. Ni takataka zote za wadudu, kunguni, chawa, mende, kila kinachokirihisha. Mwalimu anasema Kafka alimwandikia mchapishaji akimsihi mdudu asichorwe kwenye jalada, hata kwa mbali. Wakachora mwanamume kajifunika uso, nyuma yake mlango wazi.

Hamisi: Basi usiseme mende, utakuwa umechora. Sema dudu. Dudu halina sura, lina ukubwa na karaha tu.

Kassim: Baba hilo neno vijana tunalo kwa matumizi mengine 😂

Halima: Kassim humu kuna watoto

Kassim: Ujumbe huu umefutwa

Zuhura: Dada yake ndiye anayeingia kumlisha. Siku ya kwanza anamwekea bakuli la maziwa matamu, yana vipande vya mkate mweupe vinaelea. Ndicho kinywaji alichokipenda kuliko vyote. Anainamisha kichwa, hakipiti. Kesho yake dada anamtandikia gazeti kuukuu sakafuni, anampangia vitu vya aina aina ajue anapenda nini sasa. Mboga zilizooza, mifupa ya jana, jibini ambalo siku mbili nyuma yeye mwenyewe alisema haliliki. Hilo jibini ndilo alilolikimbilia.

Mwanaidi: Huyo binti ana imani.

Zuhura: Mwanzoni, mama mkubwa.

Mwanaidi: Baba je?

Zuhura: Baba alimtupia matofaa. Alijaza mifuko kutoka bakuli la kabatini akawa anamrushia moja moja. Moja likamzama mgongoni. Mama katoka mbio na nguo ya ndani, kamkumbatia mumewe shingoni anamwomba asimuue mtoto. Lile tofaa hakuna aliyelitoa. Likaozea humo humo mgongoni.

Mwanaidi: Mbona nalia na chapati zangu zinaungua. Hao Wajerumani hawana hadithi ya baba mwema?

Zuhura: Ipo, shairi la mshairi wao Goethe, la 1782. Baba anakimbiza farasi usiku, mtoto kamkumbatia. Mtoto anasema baba, yule mfalme wa mizimu ananiita. Baba anasema ni ukungu tu mwanangu. Hapa kituo cha wazee nina bibi mmoja namhudumia, majina ya wanawe yamemtoka, shairi hilo analighani lote.

Mwanaidi: Wakafika salama?

Zuhura: Walifika. Mtoto alikuwa amekufa mikononi.

Mwanaidi: Niacheni.

Salum: Zuhura kuna mahali pameandikwa habari za hela? Alipokuwa mzima

Zuhura: Ndipo nilipopigia mstari kaka. Alipoanza kuleta hela aliziweka mezani, nyumba nzima ikashangaa kwa furaha. Halafu wakazoea, wao na yeye pia. Wakazipokea kwa shukrani, naye akazitoa kwa moyo, ila ule uchangamfu wa mwanzo haukurudi. Na kumbe baba alikuwa anaweka akiba pembeni. Ingeweza kupunguza deni, mtoto akatoka kwa yule bosi mapema. Gregor anasikia hayo nyuma ya mlango, na bado anafurahi, anasema baba kafanya vizuri.

Salum: 👍

Hamisi: Hiyo dole gumba ndiyo jibu?

Salum: Nasoma mjomba

Zuhura: Sasa pale niliposhindwa kulala. Wamepangisha chumba, wapangaji watatu wenye ndevu. Dada anawapigia fidla, Gregor anatambaa kuifuata sauti, wapangaji wanamwona, kodi imeota mbawa. Dada anagonga meza. Anasema sitalitaja jina la kaka yangu mbele ya dubwana hili, nasema tu: wir müssen versuchen, es loszuwerden. Kitabu kizima Gregor ni er, yaani yeye. Dada hapa anasema es, ile ya vitu. Na mjomba, mimi Kiswahili changu kimegoma. Nikisema "inabidi tumwondoe" haiumi vile.

Hamisi: Haitauma. Kwetu chenye uhai ni yeye. Sisimizi kaingia kwenye sukari, tunasema kaingia. Hata maiti tunamzika. Lugha yetu haina mlango wa kumtolea mtu nje kirahisi.

Hamisi: Ila mlango upo. Sema "tuliondoe". Lile. Hapo umemtoa kwenye watu, umemtoa kwenye wadudu, na umemtoa kwenye maiti.

Zuhura: Mjomba 💔

Kassim: Duh

Zuhura: Na aliyemjibu ni baba. Anasema "kama angekuwa anatuelewa…" Baba bado anasema er.

Mwanaidi: Yaani mrusha matofaa bado anamwita yeye, na aliyekuwa anamlisha ndiye anasema lile?

Zuhura: Ndiyo.

Mwanaidi: Ndiyo dunia. Anayechoka ni yule aliyekuwa anahudumia.

Zuhura: Usiku ule Gregor akafa. Asubuhi mfanyakazi wa usafi akamkuta mkavu. Wazazi na binti wakaandika barua za udhuru makazini, wakapanda tramu kwenda kupunga hewa nje ya mji. Jua linaingia behewani. Wazazi wanamtazama binti, wanaona kakua, kapendeza, sasa atafutiwe mume. Mwisho.

Mwanaidi: ATI NINI

Mwanaidi: Siku ile ile? Hata khitma? Wanawaza mahari?

Kassim: Shangazi kapiga herufi kubwa 😳

Halima: Mimi namwelewa Grete lakini. Ana miaka 17, kazi ya dukani kutwa, akirudi kuna chumba kinanuka. Nani alimpokea zamu?

Hamisi: Halima ana hoja.

Salum: Mwaka juzi nilikaa miezi minne bila kazi. Humu niliwaambia simu mbovu

Salum: Haikuwa mbovu

Mwanaidi: Salum

Mwanaidi: Mbona mimi hukuniambia

Salum: Ningesema nini mama. Ilikuwa michango ya harusi ya Kassim

Kassim: Kaka aisee 😔

Halima: Nilikuandika "bado" mara tatu.

Salum: Nne

Halima: Nisamehe kaka. Ya bati nakutoa kwenye orodha.

Salum: Usinitoe. Niandike, mwisho wa mwezi natuma. Usiniandikie bado tu

Halima: Niandike nini?

Salum: Andika jina

Hamisi: Zuhura, Jumatatu uwaambie hiyo ya tuliondoe. Mwalimu wako hajawahi kuisikia.

Zuhura: Nitawaambia mjomba. Sijui nitaielezaje ngeli kwa Kijerumani.

Mwanaidi: Salum napiga simu hupokei

Salum: Niko na wenzangu chumbani mama, nitakupigia

Mwanaidi: Umekula?

Salum: Nimekula

Mwanaidi: Umekula nini

Salum: Maziwa na mkate 😂

Mwanaidi: Mshenzi wewe. Pokea simu.