Mpaka wa Ethereum: ipi ni itifaki, na ipi ni programu tu?

Mleta mada

Wadau, kila fedha zinapopotea kwenye Ethereum, mtandao wa sarafu za kidijitali, huzuka ubishi uleule: mmoja hudai itifaki imevunjwa, mwingine hujibu kwamba itifaki ni nzima na kilichoharibika ni programu iliyojengwa juu yake. Naomba tuujadili mpaka huo kwa utulivu, kwa sababu ndio unaoamua nani awajibike.

Msimamo wangu ni kwamba itifaki ni zile kanuni ambazo kila nodi (kompyuta inayoendesha mtandao) lazima izihakiki kwa namna moja ili daftari la miamala libaki moja: jinsi muamala unavyosainiwa, bloku (fungu la miamala) ipi ikubaliwe, kila hatua ya hesabu itozwe kiasi gani. Pochi, tovuti, tokeni (sarafu zinazoundwa juu ya mtandao) na mikataba mahiri (msimbo unaojitekeleza kwenye mtandao) ni programu, hata pale ambapo watu wengi hawana njia nyingine ya kuufikia mtandao. Julai 2021 kampuni ya Uniswap Labs iliondoa tokeni kadhaa kwenye tovuti yake ya kubadilishana tokeni, lakini aliyeweza kuifikia mikataba yenyewe kwa njia nyingine aliendelea kuzinunua na kuziuza kama kawaida. Kampuni iliamua peke yake, na hakuna nodi hata moja iliyolazimika kurekebisha chochote. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: jambo ambalo mtu mmoja anaweza kulibadilisha bila ridhaa ya wanaoendesha nodi si sehemu ya itifaki.

Kwa kipimo hicho naulaumu uamuzi wa mwaka 2016. Mwezi Juni mdukuzi alichota takriban etha (sarafu ya Ethereum) milioni 3.6 kutoka The DAO, mfuko wa uwekezaji ulioendeshwa kwa mkataba mahiri, kwa kutumia kasoro ya mkataba huo; mtandao haukukosea hesabu hata moja, bali ulitekeleza kile kilichoandikwa. Hata hivyo, tarehe 20 Julai kanuni zenyewe zilibadilishwa ili fedha zirudi kwa wenyewe, na waliokataa wakabaki kwenye mnyororo wa zamani, unaoitwa Ethereum Classic. Novemba 2017 mtu aliufuta mkataba ambao pochi za Parity ziliutegemea, na zaidi ya etha 513,000 zikafungwa. Safari hii pendekezo la kuzifungua, EIP-999 la mwaka 2018, halikupita. Programu mbili zenye kasoro zao wenyewe, moja ikaokolewa na nyingine ikaachwa: sijaona bado hoja ya kiufundi inayozitenganisha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa mada nzito, ila kipimo chako kinayumba. Ipo mikataba ambayo hakuna awezaye kuibadilisha, hata aliyeiandika. Agosti 2022 Wizara ya Fedha ya Marekani iliiwekea vikwazo Tornado Cash, huduma ya kuficha fedha zimetoka wapi, zikiwamo anwani za mikataba yake. Novemba 2024 mahakama ya rufani iliyoko New Orleans ikaamua kwamba mikataba isiyobadilika si mali ya mtu. Je, hiyo nayo sasa ni itifaki?

Pili, unawasahau watumiaji. Tarehe 11 Novemba 2020 Infura, huduma inayoziunganisha pochi na tovuti na mtandao, ilipata hitilafu, na waliotumia pochi ya MetaMask kwa mipangilio yake ya kawaida wakakwama, kwa kuwa pochi hiyo huufikia mtandao kupitia Infura. Kumwambia mtu asiyeweza hata kuona salio lake kwamba itifaki iko salama ni kweli isiyomfaa kitu.

Mleta mada

Nimesema kinachobadilishwa na mtu mmoja si itifaki. Sikusema kwamba kila kisichobadilika ni itifaki. Mkataba wa Tornado Cash usingewahi kuandikwa, nodi zingeendelea kukubaliana vilevile. Ondoa kanuni ya saini, hakuna daftari tena. Kuhusu Infura tunakubaliana zaidi ya unavyodhani: huo ni utegemezi kwa kampuni moja, na utaitwa hivyo pale tu tutakapoacha kuuficha chini ya jina la itifaki iliyogatuliwa.

Mchangiaji wa pili

Wakubwa zangu, naongeza jambo la utendaji. Mikataba mingi huwekwa nyuma ya mkataba mwingine wa kupokelea, ambao mwenye ufunguo wa usimamizi anaweza kuuelekeza kwenye msimbo mpya wakati wowote, huku anwani ikibaki ileile. Kampuni ya Circle nayo ina uwezo wa kuzifungia anwani zinazoshika tokeni yake ya USDC, na iliutumia Agosti 2022 dhidi ya anwani za Tornado Cash. Mimi, kabla ya kuuliza kama kitu ni itifaki au programu, huuliza kwanza ufunguo huo uko kwa nani, unahitaji saini ngapi, na mabadiliko yakitangazwa nina muda gani wa kutoa fedha zangu kabla hayajaanza kutumika.