Tupeane uzoefu: tunaosubiri tarehe ya mahojiano ya viza ya mume au mke

Mwanzilishi wa mada, Kisumu

Ndugu na dada zangu wa Kisumu, Kakamega, Bungoma, Nakuru na kwingineko, hamjambo. Nimeanzisha mada hii kwa ajili yetu sisi ambao wenzi wetu wako Marekani, ambao hati zetu zilikwisha kukubaliwa na NVC, kile kituo cha viza cha Marekani kinachokusanya hati kabla ya mahojiano, na ambao tangu hapo tunafungua barua pepe kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Yaliyo kwenye tovuti rasmi tumeyasoma. Ninaloomba ni kila mmoja aeleze yaliyompata yeye mwenyewe, hasa karatasi zilizomharibikia mkononi wakati akisubiri. Nianze mimi.

Mume wangu ni raia wa Marekani, anaishi Dallas. Tulifunga ndoa ya serikali, naye akawasilisha fomu I-130, yaani ombi la kumleta mtu wa familia, mwezi uliofuata. Ombi lilipoidhinishwa tulilipa dola 325 za viza na dola 120 za hati ya udhamini, nikajaza fomu DS-260 ya maombi ya viza, tukapakia vyeti, na hatimaye tukaandikiwa kwamba hati zimekamilika, ile hatua ambayo wengi wetu tunaiita DQ. Nilipiga vigelegele jikoni mpaka mama mkwe akaja mbio kutoka uani akidhani nimeitwa safari. Kumbe siku ile ndiyo kwanza nilikuwa naingia kwenye foleni, kwa maana tarehe za mahojiano hupangwa kwa kufuata siku hati za kila mtu zilipokamilika, na mbele yangu walikuwapo wengi. Nilisubiri miezi 14.

Katika miezi hiyo hakuna aliyenieleza kwamba karatasi nazo huzeeka. Cheti cha tabia njema nilikuwa nimekichukua mapema mno, siku zile zile ombi linawasilishwa, nikijiona mwerevu. Cheti hicho hukubaliwa kwa miaka 2 tangu kilipotolewa, na nilipopewa tarehe changu kilikuwa kimepitisha muda huo kwa miezi mitatu. Nikaomba kingine kupitia eCitizen, nikarudi kituo cha Huduma, nikapakwa wino vidole vyote kumi na kubonyezwa kimoja kimoja kwenye fomu. Wino ule hautoki kwa sabuni ya kawaida. Nilipanda matatu nikiwa nimeficha mikono ndani ya leso, na usiku nikavisugua vidole kwa mafuta ya kupikia, huku nikihesabu siku zilizobaki na kujiuliza kama cheti kipya kitawahi. Kiliwahi, zikiwa zimebaki siku sita. Mume wangu naye ilibidi alete marejesho mapya ya kodi, kwa sababu yale tuliyopakia yalikuwa ya mwaka uliokwisha kupita.

Kwa hiyo, wenzangu, andikeni tarehe ya kila hati kwenye daftari na muipitie kila mwezi. Uchunguzi wa afya uacheni mpaka mpate barua ya mahojiano, kwa kuwa kwa kawaida haukubaliwi kwa zaidi ya miezi 6, na viza yenyewe haiwezi kuishi kupita uchunguzi huo.

Kucheleweshwa huko kuliniletea kheri moja tu. Anayeingia Marekani ndoa yake ikiwa haijatimiza miaka 2 hupewa ukaaji wenye masharti, kisha yeye na mwenzake huwasilisha fomu I-751 ya kuondolewa masharti hayo katika siku 90 za mwisho za miaka miwili ya ukaaji huo. Ndoa yangu imekwisha kupita hapo, kwa hiyo hatua hiyo hainihusu.

Mchangiaji, Kakamega

Dada, ahsante kwa kutufungulia. Langu bado halijaisha na ninaliandika kwa uchungu. Mke wangu alikuwa mkaaji wa kudumu aliponiombea mimi, na mtoto wetu wa miaka tisa akaingia chini ya ombi langu bila gharama ya ombi jingine. Baadaye mke wangu akapata uraia. Tulishangilia, maana mke au mume wa raia hafungwi na idadi ya viza za mwaka kama ilivyo kwa mwenzi wa mkaaji. Kile ambacho hatukukijua ni kwamba ombi la mwenzi wa raia halimbebi mtoto. Siku ile ile mama yake alipokula kiapo, mwanangu alitoka kwenye faili langu, akahitaji fomu I-130 yake mwenyewe tangu mwanzo.

Tuligundua hayo baada ya miezi minane. Kijana ananiuliza kama tutapanda ndege pamoja, nami namjibu kwamba tutapanda pamoja, kwa sababu sikusudii kuondoka nikimwacha kwa nyanya yake. Yeyote ambaye mwenzi wake anakaribia uraia, tafadhali muwasilishieni mtoto ombi lake mapema.

Mchangiaji, Bungoma

Letu lilikuwa la talaka. Mume wangu aliwahi kuoa hapa nchini, nasi tukapakia amri ya awali ya mahakama tukiamini imetosha, ikarudishwa mpaka tulete ile ya mwisho inayovunja ndoa kabisa. DQ yetu ilisogea kwa miezi mitano kwa karatasi moja.

Mchangiaji, Nakuru

Mimi nilipoteza fedha. Wakala mmoja hapa mjini aliniambia ana mtu wa kunisogeza mbele, nikampa shilingi 45,000 za chama, na sijamwona tena. Ombi la kuharakishiwa halilipiwi: mnaliandika ninyi wenyewe kwa NVC, lenye sababu nzito kama ugonjwa unaotishia maisha, likiwa na barua ya daktari. Upweke peke yake hauhesabiwi kuwa dharura. Nilikasirika nilipoambiwa hivyo, lakini ni afadhali kulijua hilo kuliko kuuziwa matumaini.

Mwanzilishi wa mada, Kisumu

Dada wa Nakuru, pole sana. Usinyamaze, piga ripoti, hata kama fedha hazitarudi.

Mahojiano yangu kwenye ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi, yalichukua dakika chache. Nilisafiri kwa basi la usiku kupitia Kericho na Nakuru, nikiwa nimepakata bahasha ya hati halisi, sikulala. Afisa aliniuliza huwa tunazungumza saa ngapi na mume wangu. Nilimjibu kwamba ni saa tano usiku kwetu, ambayo kwao ni saa tisa alasiri, wakati anapopumzika kazini, na kwamba kwa zaidi ya miaka miwili sijawahi kulala kabla ya saa hiyo. Akaandika, akachukua pasipoti.

Baba wa Kakamega, nimelisoma la kijana wako mara tatu. Kama yupo humu aliyepitia hilo la mtoto kutoka kwenye faili na wakaweza kupangiwa mahojiano siku moja, tafadhali amwandikie hapa jinsi walivyofanya.