Polisi wa nchi moja wakiua raia wa nchi nyingine, nani alipe?

Naweka msimamo wangu mezani mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Nchi inayotuma maofisa wake wenye silaha nje ya mipaka ndiyo iwalipe wasio na hatia wanaoumizwa, tena ilipe kwa kulazimishwa na sheria. Nitatumia mfano wa Honduras, kwa sababu waliouchunguza ni Wamarekani wenyewe.

Usiku wa manane, tarehe 11 Mei 2012, kwenye mto Patuca karibu na Ahuas, katika eneo la Moskitia wanakoishi Wamiskito, kulikuwa na operesheni ya pamoja ya polisi wa Honduras na maofisa wa DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya. Walishaukamata mtumbwi wenye takriban kilo 400 za kokeini, lakini injini ikawagomea, mtumbwi ukawa unaelea na askari ndani yake. Boti ya abiria iliyokuwa safarini ikaugonga. Risasi zikaanza kutoka mtumbwini, kisha ofisa wa DEA aliyekuwa kwenye helikopta akamwelekeza askari wa Honduras aliyeshika bunduki ya mlangoni aipige boti. Watu wanne wakafa: wanawake wawili, kijana mmoja wa kiume na mtoto wa miaka 14. Mama mwenye boti alipigwa mapajani. Mvulana mwingine risasi ilimharibu mkono.

DEA ikashikilia kwamba operesheni ilikuwa ya Wahonduras, wao walikuwa wasaidizi tu, na kwamba walioko botini ndio walioshambulia. Mei 2017 wakaguzi wakuu wa Wizara ya Sheria na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani wakatoa ripoti yao ya kurasa zaidi ya 400. Hawakukuta ushahidi wa kuaminika kwamba kuna aliyefyatua risasi kutoka kwenye boti ile. Walikuta kwamba DEA ndiyo iliyokuwa na usukani, na kwamba Bunge la Marekani lilipewa maelezo yasiyo ya kweli. Wakati huo ilikuwa imepita miaka mitano na familia bado zilikuwa zinadai haki yao.

Kwa hiyo hoja ya "mwenyeji ndiye alipe" kwangu haisimami. Helikopta zilikuwa za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na agizo la kufyatua lilitoka kinywani mwa ofisa wa DEA. Ukiwa na amri siku ya kazi, huwezi kugeuka msaidizi siku ya kudaiwa.

Wapo watakaosema waende mahakamani. Mahakama gani? Sheria ya Marekani ya mwaka 1946 inayoruhusu mtu kuishtaki serikali kuu kwa madhara ya watumishi wake inayatenga madai yanayotokea nje ya nchi. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilikazia hapohapo katika kesi ya daktari wa Mexico aliyetekwa nchini kwake kwa mpango wa DEA. Mwaka 2020, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliikatalia fidia familia ya mvulana wa miaka 15 aliyepigwa risasi na askari wa mpakani; askari alikuwa upande wa Marekani, mtoto upande wa Mexico.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia ipo. Kuna kifungu katika sheria za dawa za kulevya za Marekani kinachompa Mwanasheria Mkuu mamlaka ya kulipa madai yanayotokana na operesheni za DEA nje ya nchi. Anaruhusiwa kulipa, halazimiki. Hapo ndipo mwathirika anapoachwa njiani. Mtu wa Ahuas, ambako hakuna hata barabara ya kumfikisha mji mkuu, inabidi apeleke madai Washington, kwa lugha asiyoijua, kwa idara ileile inayokana kuhusika.

Halafu linganisheni na Peru. Tarehe 20 Aprili 2001 ndege ya kivita ya Peru iliitungua ndege ndogo ya wamisionari juu ya Amazon, baada ya ndege ya upelelezi iliyoendeshwa kwa niaba ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kuishuku kuwa ya wauza unga. Mama na mtoto wake mchanga wakafa. Aliyefyatua alikuwa Mperu, lakini mwaka 2002 serikali ya Marekani ililipa dola milioni 8. Ilikuwa haki kulipa. Ila mama na mtoto wale walikuwa Wamarekani, na sijasikia hoja yoyote ya maana ya kwa nini wa mto Patuca wasubiri.

Sisi huku hatuko nje ya mjadala huu. Polisi wa Kenya walitua Haiti tarehe 25 Juni 2024, katika nchi ambayo kipindupindu kilichoingizwa na walinda amani wa Umoja wa Mataifa mwaka 2010 kiliua maelfu ya watu, na kinga ya umoja huo dhidi ya kushtakiwa ikawafungia wafiwa mlango wa mahakama za Marekani. Mkenya anayetaka askari wake waheshimiwe kule ana haki ya kuuliza: yupo Mhaiti anayejua apeleke wapi madai yake, na bajeti gani itamlipa?

Hofu ya madai ya uongo naiona ndogo. Madai huchunguzwa, kama bima zinavyofanya kila siku. Hoja nzito ni ile ya wanaosema fidia inanunua ukimya, kwamba serikali italipa na aliyetoa amri atabaki kazini. Nakubali hatari hiyo ipo. Ndiyo maana nataka sheria iseme wazi kwamba kupokea fidia hakufuti jinai, na malipo yaanze kwa matibabu na mazishi ndani ya muda uliowekwa, kabla uchunguzi haujakamilika. Aliyepoteza mkono hawezi kusubiri ripoti miaka mitano ndipo apate daktari. Anayeona serikali mwenyeji ndiyo ilipe, anieleze Honduras ingelipaje kwa amri ambayo haikuitoa.