Shina gani la kubebeshea michungwa: mdanzi au Carrizo?

Mwanzilishi wa mada:
Ndugu wakulima, nimeandaa ekari sita za machungwa ya biashara, na mwenye kitalu anataka nimjibu kabla ya mwezi kuisha kama abebeshe miche juu ya shina (sehemu ya chini yenye mizizi) la mdanzi, yaani mchungwa mchungu, au la Carrizo, chotara la mchungwa. Naombeni ushauri.

Jembe:
Ndugu, hujatueleza lolote la msingi. Udongo ni wa aina gani, na pH yake (kipimo cha uchachu au uchokaa) ni ngapi? Carrizo huvumilia ukungu wa kuozesha mizizi, lakini kwenye chokaa nyingi majani huwa manjano, mishipa ikabaki kijani, kwa kukosa madini ya chuma.

Mzee wa Vikonyo:
Mdanzi hustahimili chokaa na huzalisha matunda matamu, ila virusi vya tristeza vikiwepo, mchungwa uliobebeshwa juu yake hunyauka na kufa, na ndivyo mamilioni ya miti yalivyoangamia Brazili na Argentina kuanzia miaka ya 1930. Hata ukianza na miche safi, vidukari watavileta. Mimi napendelea mchenza wa Cleopatra, ingawa huchelewa kuzaa.

Mama Ndimu:
Uliza pia kama shina linapatana na kikonyo, yaani kitawi kinachobebeshwa juu yake. Nilipanda milimau ya Eureka juu ya shina la Swingle kwa sababu muuzaji alisema shina hilo halina ugonjwa. Ilistawi vizuri, kisha mwaka wa nne ikaanza kudumaa mmoja baada ya mwingine. Nilipobandua gome kwenye kiungo cha shina na kikonyo nikakuta mstari wa kahawia umezunguka shina lote, na upepo ulipovuma miti miwili ilikatika papo hapo. Niling'oa shamba zima.

Jembe:
Pole sana, mama. Hata hivyo tatizo hilo ni la Eureka; machungwa mengi hupatana na Swingle.

Mzee wa Vikonyo:
Hata shina zuri huharibiwa na upandaji. Wengi hufukia kiungo, udongo ukagusa kikonyo, gundi ikaanza kutoka kwenye gome.

Mwanzilishi wa mada:
Asanteni. Udongo ni mfinyanzi wenye pH 7.9, na nitamwagilia kwa maji ya kisima.

Jembe:
Kwa pH hiyo ya juu, dalili ya chokaa, Carrizo singeithubutu. Cleopatra ingefaa hata maji yakiwa na chumvi, lakini kwenye mfinyanzi unaotuamisha maji mizizi yake huoza. Je, shamba lina mteremko, na maji ya kisima umeyapima?

Mwanzilishi wa mada:
Shamba ni tambarare. Maji sijayapima, nitapeleka sampuli kesho.